Wimbo wa Mwanamwema

Watu wa siku hizi wakilitaja jina la Tabia binti Machano husema, "Yule wa Mchuuza Siri," na mimi hukasirika. Mtu kaishi umri wake wote Kikwajuni, kachambua karafuu za watu mpaka vidole vikabadilika rangi, kalea watoto wa dada yake, kaimba harusi za matajiri na za wasio na kitu, halafu kabakishiwa wimbo mmoja tu, na wenyewe ni ule ambao angetoa macho yake usiwepo. Basi nitamweleza mimi, Mize, niliyempigia ngoma ya dumbak tangu sote wawili tungali wari. Nikinyamaza ataelezwa na santuri, na santuri imeshasema ya kutosha.

Tabia hakuwa mzuri wa sura, naye alijua, na alikuwa wa kwanza kulisema. "Mungu kanipa koo, uso kampa mwengine," akicheka. Mchana alikuwa kwenye maghala ya karafuu kule Malindi, wanawake wamekaa chini, nyungo mapajani, wanatenga vikonyo na karafuu. Huko ndiko alikotunga. Hakuandika hata neno moja. Alikuwa akinung'unika lahani puani, anapepeta, na sisi tuliomzunguka tukijua kwamba kuna mtu ataolewa Ijumaa na kuna mwingine ataumbuka.

Nieleze kwanza jinsi tulivyokuwa tukifanya, maana asiyejua hilo hataelewa msiba wenyewe. Sisi nyimbo zetu hazikuwa na majina. Wimbo uliitwa kwa mtu aliyetungiwa: wimbo wa Kidawa, wimbo wa mke wa Usi. Na wimbo wa ugomvi ulikuwa na dawa yake. Wagomvi wakipatana, mtunzi alitunga mwingine kwa lahani ile ile ya kwanza, akauimba mara moja mbele ya watu, na hapo ule wa kwanza ukafa. Haukuimbwa tena na yeyote, na jina lake likahamia kwa huu wa pili. Tuliita kuosha wimbo. Ukisikia mtu anasema "wimbo wa fulani" baada ya hapo, anasema ule wa heri. Ilikuwa ndiyo sheria yetu, na ilitutosha kwa sababu nyimbo zilikuwa vinywani mwetu na vinywa tulivifunga wenyewe.

Mwanamwema alikuwa shoga yake Tabia wa tangu utotoni, nyumba zao zimepakana ukuta. Alikuwa mshoni, mtu mpole, anashona na pini mdomoni na ndiyo maana watu walimpenda: hasengenyi. Mwaka uliofuata Mapinduzi, vilabu vya taarabu vilikuwa vimefungwa milango, lakini harusi hazifungiki, na sisi kina mama wa Kikwajuni tuliendelea kuitwa. Ikaja harusi moja kubwa ya Miembeni, na kina mama wa Miembeni nao walikuwa na kundi lao. Tukakubaliana sare mpya. Na sare ni siri, jamani. Mtu aweza kukwambia siri ya ndoa yake lakini asikwambie sare. Tukamwachia Mwanamwema anunue kitambaa, akishone, akifiche uvunguni mpaka siku yenyewe.

Alinunua kitambaa cha zambarau chenye maua meupe kwa Fatmabai, mama wa Kihindi aliyekuwa akiuza nguo nyumbani kwake. Siku ya harusi tukaingia tumejipanga, tunanukia asumini, na wale wa Miembeni wamekaa wanatungojea, wote wamevaa zambarau ya maua meupe. Ukumbi ulicheka mpaka bibi harusi akacheka. Mimi niliinamisha kichwa kwenye dumbak yangu. Tabia hakuinamisha. Alimtazama Mwanamwema tu, na nilijua kwamba kesho yake ungo utakuwa na kazi.

Wiki iliyofuata, kwenye harusi nyingine, akaimba. Mwanamwema amekaa mstari wa mbele katika sare yetu hiyo hiyo, hajui kitu.

*Nilikuvisha kwa hamu, nguo ya kwangu mwilini,*
*Siri nikakukirimu, ukaitia sokoni.*
*Mchuuza siri weye, nani akusadikiye?*

Kibwagizo kile kilikuwa kitamu, sitaficha. Wanawake waliinuka kumtunza pesa, wakicheza mpaka mbele ya Tabia na kurudi kwa kupitia mbele ya Mwanamwema, makusudi, mkono kiunoni. Mwanamwema hakulia. Alitoa pini moja kwenye kola yake, akaitia mdomoni kwa mazoea, akakaa nayo mpaka mwisho.

Siku hiyo alikuwepo Hatim. Huyu alikuwa na duka Mkunazini, anauza gramafoni, taa za mafuta, sindano za santuri na redio, na msimu ule alikuwa ameleta tepu rekoda, anaizungusha harusini kwa ruhusa ya wenyewe. Aliiweka nyuma ya pazia, magurudumu yanazunguka polepole, na sisi tuliichukulia kama pambo. Wimbo ulipomalizika akaja kwa adabu zake zote.

"Bi Tabia, huu wa leo moto. Unanipa ruhusa niupeleke Mombasa ukapigwe santuri?"

Tabia angali ana hasira. "Peleka," akasema. "Peleka hata Bombay."

Hasira hasara. Wahenga hawakujua santuri lakini walijua.

Haukupita muda tukaenda kwa Fatmabai, mimi na Tabia, kutafuta kitambaa cha watoto wa dada yake. Tabia, kwa ulimi wake usiotulia, akamwuliza kama anajua ni nani aliyewaonyesha watu wa Miembeni kile kitambaa cha zambarau.

"Mimi niliwaonyesha," Fatmabai akasema, huku anapima kwa mkono. "Walikuja wanataka kitambaa kizuri, nami nna kizuri kimoja. Mimi nauza nguo, mama, siuzi siri. Kwani kilikuwa na siri?"

Tabia alikaa chini pale pale kwenye sakafu, kati ya majora. Fatmabai akadhani kashikwa na kizunguzungu, akaenda kuleta maji.

Kutoka pale hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwanamwema, akapiga hodi, hakuitikiwa. Akapiga tena, kimya, na cherehani inasikika ndani inakwenda. Akakaa barazani. Jua likamfikia, watu wakapita wakasalimia, wengine wakacheka, yeye amekaa tu. Hatimaye cherehani ikanyamaza na mlango ukafunguliwa.

"Utakaa juani mpaka lini?" Mwanamwema akamwuliza. "Ingia ule. Wali ushapoa."

Wakala sahani moja. Hayo ndiyo mapatano yao, sikusikia neno jingine.

Kisha Tabia akauosha wimbo. Ilikuwa harusi ya jirani, ya watu wa kawaida, ukumbi wenyewe ni ua uliotandikwa mikeka. Lahani ile ile. Nilipoanza kupiga, watu wakatazamana, wakidhani anarudia matusi. Akafungua kinywa:

*Nguo niliyokuvua, narudi kukusitiri…*

Wanawake wakapiga vigelegele kabla hajamaliza mshororo. Mwanamwema aliinuka, akavua kanga yake ya begani, akamfunga nayo Tabia, na akabaki amemshika hivyo hivyo mpaka wimbo ukaisha. Mimi sikuyasikia maneno sawasawa. Mpiga ngoma husikiliza mkono wake, na siku ile macho yangu yalikuwa yamejaa machozi. Hatim hakuwepo. Kwa nini awepo? Nani anaalika mashine kwenye toba?

Kwetu sisi mambo yalikuwa yameisha. Wimbo wa Mwanamwema sasa ni huo wa pili, wa kwanza umekufa.

Haikupita Rajabu, santuri zikashuka kutoka Mombasa. Nyeusi, ndogo, katikati zina karatasi ya kijani, na juu ya karatasi jina la Tabia na chini yake maneno ambayo Tabia hakuyachagua: *Mchuuza Siri*. Hatim ndiye aliyelitoa jina kwenye kibwagizo. "Santuri haiwezi kuitwa wimbo wa Mwanamwema," alituambia. "Mtu wa Tanga anamjua Mwanamwema?"

Na hapo ndipo nilipojifunza biashara ni nini. Hatim alitundika spika nje ya duka, ikaimba tangu asubuhi. Watu waliposimama, akawaambia, "Mnamjua aliyetungiwa? Yupo hapa hapa mjini." Jina hakulitaja. Mwuzaji hodari hataji jina. Humwachia mnunuzi alitafute, na anayelitafuta hununua. Kwa wiki chache mji mzima ulikuwa ukilitafuta, na mji wetu ukitafuta kitu hukipata. Mikahawani, kwenye gramafoni za majumba ya Shangani na za vyumba vya Ng'ambo, ni Tabia tu. Watoto walikuwa wakipita mbele ya cherehani ya Mwanamwema wakiimba kibwagizo, wala hawajui hata kama ni tusi, wanapenda lahani.

Tabia alikuwa akitoka nje kuwafukuza kwa ufagio. Akiwauliza nani kawafundisha, wanamjibu, "Wewe!"

Aliyekuwa akipeleka nguo kushonwa akaanza kusita. Mwanamke mmoja alisema mbele yangu kwamba mchuuza siri atakwenda kutangaza vipimo vya kiuno chake, na kiuno chenyewe, Mungu anisamehe, kilikuwa hakihitaji kutangazwa. Cherehani ikawa inakaa kimya siku hata siku. Mwishowe Mwanamwema akafunga mizigo, akamchukua binti yake Shemsa, akahamia kwa watu wa mama yake Mangapwani, ambako gramafoni zilikuwa hazijafika.

Siku ya kuondoka Tabia alimbebea cherehani kichwani mpaka kituoni. "Hujanisamehe," akamwambia.

"Wewe nshakusamehe, shoga," Mwanamwema akajibu. "Lakini mwenzio wa kwenye santuri hana habari kama tumepatana."

Maneno hayo Tabia alikuja nayo nyumbani na hayakumtoka. Ukumbini, mwimbaji anaona. Akimwona mtu anakaribia kulia, anaweza kuruka ubeti, kulainisha neno, kumgeuzia mwingine. Santuri haina macho. Inamwimbia yeyote, wakati wowote, na inamwimbia kwa hasira ile ile ya siku ya kwanza, wakati mwenye hasira mwenyewe kashaitua zamani.

Akaenda kwa Hatim, nami nikamfuata.

"Bwana Hatim, nnaomba uzirudishe zile santuri."

"Bi Tabia, zangu nshauza. Nyengine ziko Mombasa, na kule wakitaka wanapiga nyengine. Mimi si mtu mbaya. Nilikuomba ruhusa, ukanipa."

"Nilikupa kwa hasira."

"Mashine haijui," akasema, na nadhani alisema kwa huruma. Alikuwa mtu mwema kwa jinsi ya biashara yake. Tulipomweleza habari za wimbo wa kuosha, alikubali kuutia kwenye tepu, akaahidi kuupeleka Mombasa kama wa kwanza.

Tuliuimba chumba cha nyuma cha duka lake, kati ya masanduku ya taa, mimi na dumbak, na Mzee Usi, aliyekuwa akitupigia fidla harusini. Tabia alisimama mbele ya kile kipaza sauti akakitazama. "Nnamuimbia nani?" akauliza. Hatim akasema, "Imba tu, watu watakuja baadaye." Akaimba. Mimi tena nilisikiliza mkono wangu tu. Ulikuwa mzuri, lakini hakuna aliyeinuka kutunza, na ulipomalizika palikuwa kimya ila magurudumu ya tepu. Nilimwona anatafuta mahali pa kuweka mikono yake.

Mombasa walijibu kwamba wimbo ni mzuri ila wateja hawaulizii nyimbo za kuomba radhi, wanaulizia zinazokata. Basi Hatim akasema ataipeleka tepu redioni, wao huchukua vitu kama hivyo. Baada ya mwaka mmoja au miwili maduka ya Mkunazini yakaanza kufungwa moja baada ya jingine, na yeye akaondoka na wanawe kwenda Dar es Salaam, na baadaye nasikia mbali zaidi. Alipokuja kuaga alimwambia Tabia, "Wimbo wako umo redioni. Ukiutaka ukauombe."

Hapo Tabia akatulia. Tangu siku ile hakuuimba tena, hata ghalani, hata kwa kunung'unika. Nilimwuliza kwa nini. "Umeshawekwa," akasema. "Kitu kilichowekwa unakiimbia nini?" Alisema kama mtu aliyeweka mchele kwenye mtungi akafunika.

Miaka ikaenda. Majumba ya ghorofa yakajengwa Kikwajuni, kundi letu likatawanyika, wengine wakaingia vikundi vya serikali, mimi nikazeeka goti. Tabia akatoka uvimbe shingoni. Hospitali wakampasua, wakamwokoa roho, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, ukitaka kumsikia uweke sikio. Alikuwa akicheka kimya kimya, mabega yanatikisika tu, na mimi nilishindwa kulizoea hilo kuliko mengine yote.

Ndipo ilipokuja habari kwamba Shemsa anaolewa. Mchumba ni mtu wa Bumbwini, kijana wa heshima, na mama yake alikuwa mwanamke wa kupima watu kwa macho. Redio za betri zilikuwa zimeshafika mashamba, na *Mchuuza Siri* ilikuwa ikipigwa kwenye vipindi vya salamu mara kwa mara. Mama mkwe alikuwa ameshanong'onezwa wimbo ule ni wa nani. Mwanamwema alimtuma mtu kwa Tabia na maneno haya: aje siku ya harusi, auimbe wimbo wa kuosha mbele ya wakwe, wasikie kwa kinywa chake kwamba mama wa bibi harusi hakuuza siri ya mtu. Kwa miaka yote ile alikuwa hajamwomba Tabia kitu. Wala mjumbe hakujua habari ya koo.

Nikamwambia Tabia, Kidawa mwenzetu wa kundini yupo, sauti anayo, mfundishe maneno akaimbe. Akakataa kwa mikono miwili.

"Toba haiagizwi, Mize," akaninong'oneza. "Inataka kinywa changu."

"Na kinywa chako hakina sauti."

"Ninayo. Iko redioni."

Nikamwacha. Sauti ilikuwa yake kweli, na maneno yalikuwa yake, na sote tulikuwa tumeona jinsi ile ya santuri ilivyokuwa na nguvu. Kama mashine iliweza kumharibia mtu jina, kwa nini isiweze kumrudishia?

Akaenda redioni peke yake. Haya alinieleza baadaye, na akinieleza alikuwa amejifunika uso. Alimkuta kijana anayepokea salamu, akampa siku na saa ya harusi, akamwambia salamu ziende kwa Mwanamwema wa Mangapwani na wakwe zake wote, kutoka kwa Tabia binti Machano mwenyewe, na wimbo uwe wa Tabia.

"Upi, Bi Tabia?" kijana akauliza, amemwinamia ili amsikie.

"Wa Mwanamwema," Tabia akanong'ona.

Kijana akacheka kwa furaha. "Ah, huo nani haujui!"

Tabia akatoka pale anaona mji umepanuka. Miaka yote ile alidhani hakuna anayeukumbuka wimbo wa kuosha, kumbe hata watoto wa redioni wanaujua.

Siku ya harusi tulikwenda Mangapwani mapema. Alivaa sare ya zambarau, aliitunza miaka yote, imempwaya. Mwanamwema alipomwona akamkumbatia, na Tabia akamweleza sikioni juu ya koo lake na juu ya redio. Mwanamwema akamshika shingo pale penye kovu. Kisha akasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Shoga yangu kaniletea wimbo wake kutoka mjini. Alasiri nyote mkae."

Redio ilikuwa ya mjomba wa bwana harusi, ikawekwa juu ya kiti kizuri kuliko vyote, wanawake tumeizunguka kwenye mikeka, mama mkwe mbele. Salamu zikaanza. Likatajwa jina la Mangapwani, watu wakapiga kelele. Likatajwa la Mwanamwema, akainamisha macho kwa haya. Likatajwa la Tabia binti Machano. Kisha fidla ya Mzee Usi ikaingia, na dumbak yangu, na lahani ni ile ile, maana mnajua ilikuwa moja kwa nyimbo zote mbili. Mwanamwema akaanza kutabasamu. Aliinuka, akavua kanga yake begani kama alivyofanya siku ile, akaja nayo mbele ya Tabia, amemnyooshea mikono.

*Nilikuvisha kwa hamu…*

Mikono ilibaki hewani. Tabia alifungua kinywa. Niliona mishipa ya shingo imemtoka, niliona anapiga kelele, na hakikutoka kitu zaidi ya pumzi. Na mbele yetu, juu ya kiti, Tabia mwingine, kijana, mzima wa koo, anaimba kwa raha zake zote. Alitaka kuiendea redio, watu wamejaa mikekani, akakanyaga mtu, akaanguka kwa magoti. Nilipofika mimi na goti langu na kuizima, kibwagizo kilikuwa kimeshapita, na wanawake wawili watatu wa nyuma, wasiojua lolote, walikuwa wameshaitikia.

Mama mkwe alijitengeneza mtandio. "Alhamdulillahi," akasema. "Tumeletewa salamu, tumezisikia."

Tabia alishika mguu wa Mwanamwema. Ananong'ona, ananong'ona, na pale uani palikuwa na kelele, hasikiki. Mwanamwema hakuinama kumtegea sikio. Aliikunja kanga yake taratibu, mara mbili, kama anavyokunja nguo ya mteja.

"Sauti yako naijua, Tabia," akasema. "Ni ile iliyotoka pale. Hii nyengine siijui."

Ndoa haikuvunjika, kwa sababu ilikuwa imeshafungwa asubuhi. Lakini Shemsa aliingia Bumbwini kwa jina la mtoto wa mchuuza siri, na huko jina likishaingia nyumba halitoki.

Nilikwenda redioni mwenyewe. Yule kijana alipofahamu alichofanya alishika kichwa. Hakuwa amekosa, aliombwa wimbo wa Mwanamwema na mji mzima unajua wimbo wa Mwanamwema ni upi. Alinitafutia ile tepu rafu baada ya rafu, akanifungulia maboksi yenye vumbi. Haikuwepo. Labda Hatim hakuwahi kuifikisha, labda ilipotea, simsingizii mtu. Niliporudi nikamwambia Tabia ukweli, na nikamsihi anipe maneno, anong'one tu, nitayashika, nitakwenda nayo Mangapwani kwa miguu yangu. Alitikisa kichwa. Aligeukia ukutani, upande uliokuwa wa Mwanamwema zamani.

Hakuufikia mwezi wa Ramadhani uliofuata. Uvimbe ulirudi. Watu husema alikufa kwa koo, na ni kweli, lakini mimi nilikuwa nikimwogesha na kumlisha, na najua kwamba koo lilikuja la pili.

Mwanamwema alikuja matangani. Aliingia kimya, akapeana mikono na watu, akaja kukaa pembeni yangu kwenye mkeka, pale ambapo angekaa ndugu.  Nilimweleza yote hapo: wimbo wa kuosha ulivyotiwa kwenye tepu, chumba cha nyuma cha Hatim, kijana wa redioni, na vile ambavyo neno moja lilikuwa na maana mbili. Alisikiliza huku anaupindapinda ukingo wa kanga yake.

"Kumbe," akasema. Kisha akasema, "Ulikuwaje ule mwengine, Mize? Mbele yangu uliimbwa mara moja tu, na mimi siku ile nilikuwa nnalia. Nitajie."

"*Nguo niliyokuvua, narudi kukusitiri,*" nikaanza. Nikakwama. Nilimtazama Kidawa, akatikisa kichwa. Mzee Usi alikuwa ameshafariki. Nikaanza kupiga kidogo kidogo juu ya goti langu kwa vidole, nikitumaini mkono utayaita maneno, maana mkono wangu ulikuwepo siku ile hata kama masikio hayakuwepo.

Mwanamwema akaifuata lahani, puani, macho kayafumba. Tukaenda hivyo, mimi nikipiga, yeye akinung'unika, mpaka tukafika mahali pa kibwagizo, na pale maneno yakamjia yenyewe.

"*Mchuuza siri weye,*" akaimba polepole, "*nani akusadikiye…*"

Alikimaliza kabla hajajisikia. Alipojisikia aliziba mdomo kwa kanga. Mimi sikusimama, niliendelea kupiga gotini, nikadhani labda tukivuka hapo maneno ya ule wa kuosha yatakuja, na hayakuja.